Mto Uliojaa Bila Mvua

Si yeye, Mama. Ni mimi. Juzi ulipouliza kwenye simu ni mwanaume gani mwenye akili zake anamvusha mke wake mto wa maji ya theluji, Baba Mdogo akadakia kwamba labda alidhani amepewa mbuzi, si mke. Wote mkacheka, na mimi nikacheka.

Shikamoo Mama. Naona nimeanza kama mtu ambaye hakufunzwa, bila hata salamu. Hujambo? Kifua kimepona? Alizeti mmeshapiga yote au bado imelala shambani? Sisi huku wazima, isipokuwa huo mguu wa Elibariki, na ndio ulionikalisha mezani kuandika. Ningepiga simu, lakini yako unaiweka spika na nyumba nzima inasikia, na haya nimeshindwa kuyaanza mbele ya watu. Kuna mama tunayesali naye hapa Norwei, anarudi nyumbani kesho. Atamwachia wifi barua hii dukani kwake Mkiwa. Isome peke yako kwanza.

Usije ukadhani ndoa imenishinda. Mama, nampenda huyu mtu mpaka naona haya kukuandikia! Akitoka zamu kule kiwandani ananuka samaki hadi kwenye nywele, na mimi namkimbilia mlangoni hivyohivyo. Akiwahi kuamka ananiachia chai, kikombe amekifunika na kisosi isipoe. Wakati mwingine namtazama anavyokata kitunguu, taratibu kama fundi cherehani, nasema moyoni, huyu ni wangu kweli?

Unakumbuka hatukupata fungate. Harusi iliisha, yeye akarudi kazini, mimi nikabaki kusubiri viza. Basi huku baridi ilipolegea na theluji ikaanza kuyeyuka, akaomba likizo ya siku chache. Wenzake wakatuazima hema na mabegi makubwa ya kubeba mgongoni, tukaenda kutembea kwenye bonde moja lenye mto, katikati ya milima. Ndiyo, kwa miguu, na mizigo, eti tunapumzika. Nilimwambia, "Mimi nimechota maji na kubeba kuni utoto wangu wote, leo unanioa ili nibebe tena?" Akasema, "Safari hii maji hubebi, Yasinta. Yanatufuata yenyewe."

Na kweli yalitufuata. Kila mwamba unatoa maji, kila ufa unatiririka, huku juu kabisa kumebaki kweupe kama unga uliomwagika. Njia ikiwa pana tunashikana mikono. Ikiwa nyembamba anatangulia na kuniambia jiwe lipi linacheza. Jioni tulipika ugali na ule mlenda ulionikaushia, wazungu waliopita njiani wakawa wanageuza shingo. Niliona dunia nzima imeumbwa kwa ajili yetu wawili.

Kesho yake asubuhi tukafika mahali ambapo mto umetanuka, maji hayafiki magotini. Ng'ambo kulikuwa na uwanja wa majani mabichi na maua madogo ya njano. Nikayataka. Tukavua viatu tukavuka, maji yanauma kama meno. Tukala, tukapiga picha, jua likatoka kali kuliko siku zote hata nikavua koti. Kabla ya saa sita Elibariki akasimama.

"Turudi upande wa njia. Wenzangu wameniambia mto huu mchana unajaa."

"Unajazwa na nini?"

"Jua. Linayeyusha theluji huko juu."

Nikamcheka, Mama, nikacheka mpaka nikajishika mbavu. "Wewe mtoto wa stesheni! Manyoni mnajua treni, mito mtaijulia wapi? Tazama juu. Unaona wingu?"

"Silioni."

"Haya. Mimi nimevusha mbuzi korongoni kabla sijang'oka meno ya utoto. Mto haujai bila wingu."

"Sawa mke wangu, lakini..."

"Lakini nini? Unaogopa? Nipige picha nyingine."

Akakaa. Akanipiga picha.

Unajua hilo nilikolitoa. Pale kwenye korongo letu la Mungaa wewe mwenyewe ulinifundisha, tazama upande wa milima kwanza, kukiwa na wingu kaa na mbuzi wako hata kama kwetu jua linawaka, kukiwa kweupe vuka. Hapo nyumbani ni kweli. Huku mbingu ikiwa safi ndiyo hatari yenyewe, na mimi nilisimama pale kama mwalimu wa mito ya dunia yote. Nikamwambia anaogopa, mtu aliyekuwa ananiambia ukweli.

Tuliporudi mtoni nilidhani tumepotea njia. Maji yalikuwa na rangi ya uji, yamepanda hadi kwenye vichaka, na chini unasikia mawe yanagongana. Nilitazama tena juu. Bluu tupu. Elibariki hakusema "si nilikuambia". Alivusha mabegi yote mawili, akarudi kunichukua.

"Shika mkanda wangu. Usitazame maji, nitazame kisogo."

Tulipofika katikati nikayatazama. Nikapiga kelele, nikaachia mkanda, nikamning'inia shingoni kama mtoto. Akayumba, mguu ukaingia katikati ya mawe. Nilihisi mwili wake wote umekakamaa, lakini hakuniacha. Alinisukuma mbele hadi nikafikiwa na wanawake wawili wazee waliokuwa wanapita na fimbo zao za kutembelea. Wakanivuta kwa kola ya shati kama ndama, kisha wakamnyooshea yeye fimbo. Mmoja wao alivua soksi zake akanivisha, na muda wote ananigombeza kwa lugha yao. Sikuhitaji wa kunitafsiria.

Kifundo cha mguu kilivunjika. Wamemfunga hogo, ile plasta ngumu, anatembea kwa magongo. Siku ile nilipokupigia kutoka hospitali ukauliza ilikuwaje, Elibariki alinipokonya simu kabla sijafungua mdomo. "Mama, nilikosea mimi. Nilidhani maji ni madogo." Nikasema moyoni nitarekebisha baadaye, tukishatulia. Sikurekebisha. Kukaa kimya kulikuwa kutamu, Mama, nisikufiche.

Hiyo juzi mlipokuwa mnacheka, alikuwepo. Na mimi simu nilikuwa nimeiweka spika. Alikuwa anaosha vyombo, mguu mmoja juu, ameegemea sinki. Kicheko kilinitoka kwa aibu, lakini yeye alisikia kicheko tu. Nilipokata simu akasema, "Kwenu mna utani," akaendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata.

Jana akaniambia hiyo safari yetu ya kuja nyumbani mwezi huu nitangulie peke yangu, yeye atakuja mwakani, mguu hauwezi safari ndefu. Daktari amesema unaweza. Nikambana. "Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

"Wewe ndio kwanza umeolewa," akasema. "Wakianza kukusema sasa hawataacha. Mimi mkwe, mkwe anasemwa tu."

"Basi twende wote."

"Niingie kwenu na magongo, kila anayenitazama anaona mtu aliyetaka kumzamisha binti yao? Hapana, Yasinta. Acha yapoe."

Hayatapoa, maana mwenye kuyapooza ni mimi. Nilikuwa naringa kwa shoga zangu wote kwamba nimepata mume, na mara ya kwanza alipohitaji mke wa kumtetea nikajiunga na wanaomcheka.

Ukimaliza kusoma, tafadhali msomee Baba Mdogo, na wale waliokuwepo siku ile. Usiruke hapo nilipomwambia anaogopa. Halafu nakuomba, Mama yangu, umpigie yeye, si mimi. Sikuombi umwombe radhi, wewe ni mkwe wake. Mpigie tu umuulize mguu unaendeleaje na atakula nini siku akifika. Nafikiri hilo litamtosha. Sijamwambia kwamba nimekuandikia.

Msalimie sana Baba, najua amekaa kimya na amesikia kila kitu. Msalimie wifi kwa kuifikisha barua, Bibi kwa kuniombea, na mdogo wangu anayekuchungia mbuzi, mwambie mawingu ya kwetu aendelee kuyaamini. Baba Mdogo msalimie pia. Alisimama vizuri kwenye posa yangu, simchukii kwa neno lake. Mimi ndiye niliyemwachia alitamke.

Tiketi zote mbili zimeshakatwa. Ukimpigia, naamini tutakuja wote. Akikataa, nitakuja mwenyewe, na kabla sijapewa maji ya kunywa nitapiga magoti mbele yenu nyote nimsafishe jina kwa mdomo wangu. Iwe wawili au mmoja, Mama, mwezi huu hauishi kabla hujanisikia nikipiga hodi.

Mwanao akupendaye, mke wa Elibariki,
Yasinta