Mtani Kwenye Msiba wa Tatu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huko Iringa jikinge na baridi. Sisi hapa Miono hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, na mahindi tumeanza kuvuna.

Unauliza kwa nini siku ya mazishi nilimwacha Mama Kulwa avae kanga za marehemu mdogo wangu, Tatu, na kumwigiza mbele za watu. Unaona alitudhalilisha.

Mama Kulwa ni Mnyamwezi, mtani wetu, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo. Alipofariki mama yangu, nikiwa binti wa umri wako, mtani mwingine alikuja akichechemea kama mama na kufokea kuku. Nikamfukuza.

"Haya, Mkwere," akaniambia, "mzike mtu asiye na kasoro."

Waliobaki walisema mama alikuwa mpole na mcha Mungu. Ni kweli, lakini hata jirani angeweza kusemwa hivyo. Baada ya miaka michache Tatu, aliyeachwa mdogo sana, aliniomba nimwonyeshe mama alivyotembea. Nilijaribu, nikashindwa.

Kwa hiyo safari hii kanga nilizitoa mwenyewe. Mama Kulwa akashika kiuno, akafoka: "Nani kala ukoko wangu? Subirini nife kwanza, ndipo mle!"

Binti wa Tatu, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa chozi, alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akalia.

"Huyo ndiye mama," akaniambia.

Ukija likizo, nenda kwa Mama Kulwa umwombe akuonyeshe.

Bibi yako,
Mwajuma