Friji Linalokoroma

Bukoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, ingawa nakufahamu, kuketi kwako ni hadi uwe mgonjwa. Magoti yanasemaje? Mimi ni mzima. Huku mvua hainyeshi, inaishi, na ndizi nimezila mpaka naziota. Barua nampa mwalimu wa kwetu Mvumi anayefundisha huku, maana anakuja likizo. Kwenye simu unapaza sauti halafu unakata kabla sijamaliza.

Kwanza nitubu. Jumamosi ulinipigia ukasema friji linakoroma, na fundi wa hapo anadai mota inakufa. Roho ilinipasuka. Lile friji nililituma kwa ajili ya sindano za sukari za Baba, naye unajua tangu niache ng'ombe zake nikasomee ufundi hajanisemesha, mwaka wa tatu huu. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Mgogo anachunga ng'ombe, hachungi baridi." Sindano anachoma, salamu hajibu. Nikajiambia, friji likifa, hata hicho kilichobaki kati yetu kimekwisha.

Nikakwambia uweke simu nyuma yake, kisha ufungue mlango. Sauti haikukoma, kwa hiyo haikuwa feni ya ndani, ambayo husimama mlango ukifunguliwa. Ilikuwa krrr, krrr, kitu kikavu kinachokwaruza feni ndogo ya chini, kando ya mota. Nililijua hilo mapema sana. Mota ni nzima.

Ila sikusema. Nikakutuma na simu dirishani, eti nilinganishe. Halafu mlangoni, halafu jikoni. Mama, hakuna fundi anayepima friji kwa kusikiliza jikoni! Nilitaka kusikia nyumbani tu. Nikasikia jirani akitwanga, mbuzi wakigombana, upepo wa mchana ukitikisa bati, nawe ukimfokea kuku kwa Kigogo. Nilipokuwa huko niliuchukia upepo ule na vumbi lake. Nililia, nikasingizia mtandao.

"Umeshajua, mwanangu?" ukauliza. Nikasema bado. Ukaiacha simu juu ya friji, ukaenda kuwafukuza mbuzi kwenye mtama.

Nikasikia fimbo sakafuni, kisha kikohozi.

"Mbukwa, fundi," akanisalimu yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hiyo kelele si mota. Usimhangaishe mama yako."

"Najua, Baba. Kuna kitu kikavu nyuma."

Akashusha sauti. "Ni mlenda," akasema.

Mama, aliuchuma mwenyewe! Mwanaume wa Kigogo, tena yule, kuanika mlenda! Aliona haya kuonekana uani akifanya kazi ya wanawake, akautandaza kwenye gunia nyuma ya friji, penye joto, akijua wewe hufagii huko. Majani yalipokauka yakaangukia kwenye feni.

"Wa nini, Baba?"

"Mwalimu anakuja likizo. Akirudi huko atakuletea. Mtu haishi kwa ndizi."

Akaniomba nisikwambie. Nisamehe, na yeye anisamehe, lakini furaha hii ni kubwa, siwezi kuibeba peke yangu. Kwa hiyo chomoa waya ukutani kwanza, vuta friji taratibu, usafishe feni kwa mswaki mkavu. Gunia lirudishe, ila liegemeze ukutani, mbali na feni. Ukimkuta Baba huko nyuma, jifanye hujamwona. Na tafadhali usicheke, nakujua.

Nisalimie dada Mariamu na wanafunzi wake wa cherehani, mjomba Chilewa anayekamua ng'ombe siku hizi, na shangazi Debora, mwambie kwaya ya huku haifui dafu mbele ya sauti yake.

Salamu za Baba sikuandikii. Ameniambia nimpigie Jumapili mchana, wewe ukiwa kwaya, nimweleze baridi inatoka wapi.

Mwanao akupendaye,
Ndahani