Wimbo wa Mama Yako

Mjukuu wangu Koku,

Hapa Rubya hatujambo, ila babu yako anasumbuliwa na mgongo. Unaniuliza kama umuuzie wimbo wako mtu asiyetaka kujulikana, nawe usitajwe kuwa mtunzi.

Nilipokuwa na mimba ya mama yako, nilimtungia wimbo. Akaja wakala kuununua.

"Mnunuzi ni nani?" nikamuuliza.

"Hataki kutajwa. Nawe usimwambie yeyote kwamba umeutunga."

Tulikuwa na shida, nikatia sahihi.

Kwenye harusi ya mama yako kule Bilele, mwimbaji aliyealikwa aliuimba, akasema aliutunga kwa ajili ya wanawe. Mama yako akalia.

"Mama, watoto wake wana bahati," akaninong'oneza.

Nikampangusa machozi.

Mpaka leo hajui. Barua hii usimwonyeshe.

Bibi yako,
Kemilembe