Nilimlisha Stelingi Maneno, Sasa Binti Yangu Ameleta Filamu Yenyewe

Mpendwa mshauri, Mama Fausta, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mtu mzima aliyekwama, naomba msaada wako na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana arusi ya binti yetu imebaki wiki tatu.

Mimi ni mkulima wa mahindi na ufuta huku Mazingara, Handeni, nina miaka hamsini kasoro mmoja, nina mke mmoja, Mwaija, ambaye nilimtoa kwao Magoma, upande wa Korogwe, na tuna watoto wanne ambao wa kwanza ni huyo bibi arusi, Yusra. Kosa langu nililifanya mwaka 1999, kabla hata sijaoa, na mpaka leo anayelijua ni Mungu peke yake, na sasa wewe.

Mwaka huo nilikuwa Korogwe mjini nikifanya kazi kwenye banda la video. Enzi zile filamu za Kihindi zilikuja kwenye kanda bila maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia la kanga kando ya deki, nimeshika kipaza sauti, nawaambia watazamaji kila mtu anasema nini, na watu walinisifu kwamba Kihindi nakijua kama nimezaliwa nacho, wakati ukweli, mama, Kihindi nilikuwa sijui hata salamu. Nilichofanya ni kuitazama kanda asubuhi peke yangu, nione nani anampiga kofi nani, nani analia, baba mtu amekunja uso wapi, halafu mchana naweka maneno yangu, na kwa kuwa mapenzi na ukali wa baba tajiri havihitaji mkalimani, hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa ilikuwepo filamu moja ambayo Korogwe nzima tuliiita "ile ya darajani", ya zamani hata kwa wakati ule, stelingi wake kijana mwenye nywele za kulala upande na skafu nyekundu, watu wakambandika jina Bwana Skafu, na kila Jumapili mchana, ambayo ilikuwa zamu ya akina mama, walikataa kuwekewa nyingine. Wameshaiona mara kumi, wanajua anayekufa na asiyekufa, lakini akifika darajani banda zima kimya, hata wenye vichanga wanawanyonyesha haraka wasije wakalia. Pale darajani mvua inamwagika kama mbingu imetoboka, msichana amelowa chapachapa, kesho anaozwa kwa tajiri, na stelingi anamshika mkono anaongea, kisha wanaimba dakika tisa.

Mwaija alikuwa amekuja kumsaidia shangazi yake aliyejifungua, akawa haikosi Jumapili hata moja, benchi la pili, pindo la kanga mdomoni, machozi yanamtoka. Nilikuwa namwona kwenye tundu la pazia, na Mungu anisamehe, nikaacha kulitafsiria banda nikaanza kumtafsiria yeye. Jumapili moja stelingi alipofungua kinywa pale darajani nikasema hivi: "Bibie, mimi sina jumba wala gari. Lakini jua likikausha kila kitu, sitakuacha ushike ndoo uende lamboni peke yako, nitatangulia mimi na punda. Na siku ukiwa na hasira nitakaa mlangoni nisiseme kitu mpaka upoe, maana nyumba haiwi ya mwenye sauti kubwa." Wanawake walipiga vigelegele mpaka mwenye banda akaja kuuliza kuna nini, na Jumapili iliyofuata wakayataka yale yale, ikabidi niyakariri.

Nilipomfuata Mwaija na maneno ya posa akaniambia waziwazi, "Mimi nataka mwanamume mwenye moyo kama wa yule stelingi. Wewe utaweza?" Nikajibu nitaweza, ningejibu nini, maana kumwambia kwamba yale maneno ni yangu kungekuwa kukiri kwamba Kihindi sijui, na kazi ingeota mbawa siku ile ile. Nikanyamaza, tukaoana, na mwaka wa kwanza nikaona si wakati mzuri wa kusema, wa pili akawa na mimba, na baadaye ikawa ni aibu hata kuanza.

Basi kwa miaka ishirini na tano nimesomba maji, mwanzo kwa punda, sasa kwa baiskeli, wanaume wenzangu wananicheka, na nikijaribu kugoma naambiwa, "Bwana Skafu asingesema hivyo." Nikipandisha sauti naambiwa, "Bwana Skafu angekaa mlangoni." Picha yake iliyokatwa kwenye kalenda iko sebuleni, inafutwa vumbi kila Ijumaa, yangu haipo, na nakwambia kweli, namwonea wivu yule kijana ingawa sasa lazima ni mzee kuliko mimi, kama yu hai. Zaidi ya hapo Mwaija siku hizi ni somo, anafunda wali kuanzia Mazingara mpaka kwao Magoma, na kila mwali anamwambia yale maneno ya darajani, kwamba mwanamume wa kweli husema hivi, nimesikia kwa masikio yangu. Anayembishia ni dada yake mmoja tu, Ikram, ambaye husema, "Mwaija, hakuna Mhindi aliyesema hayo, umeyatunga wewe."

Wiki iliyopita Yusra amekuja kutoka Tanga na flashi mkononi. "Baba," akasema, "nimeipata ile ya darajani! Tena ina maandishi ya Kiswahili chini, hakuna tena habari ya kutafsiriwa." Wameshapanga iwekwe kwenye kicheni pati, runinga kubwa chini ya turubai, wanawake wote wa Magoma wawepo. Mwaija akapiga makofi akasema, "Alhamdulilahi, sasa Ikram atasoma mwenyewe." Kisha akanitazama, akacheka, akaniongezea chai.

Mama Fausta, niliichukua simu ya Yusra nikaenda nayo ghalani nikatazama sehemu ya darajani. Stelingi anashika mkono wa msichana, nyimbo zinaanza kwa mbali, na maandishi yanasema: "Rudi ndani, utashikwa na mafua. Mwambie kaka yako gari lake nimeliegesha nyuma ya kiwanda." Basi. Hakuna ndoo, hakuna punda, hakuna mlango.

Nimewaza kuifuta ile flashi, nimewaza kuomba umeme ukatike, nimewaza hata kusema nimefiwa na ndugu kule Dindira ili siku hiyo nisiwepo. Mke wangu ataaibika mbele ya wanawake aliowafunda, na akishajua kwamba ndoa yake yote imesimama juu ya uongo wa nyuma ya pazia, sijui atanitazamaje. Nisaidie, na tafadhali majina uyabadilishe.

Wako, Mtafsiri wa Mazingara.

JIBU LA MAMA FAUSTA

Mtafsiri wangu, marahaba, nimekuzidi. Uliniomba nisicheke kabla sijafika mwisho. Nilijikaza vizuri tu mpaka lilipokuja lile gari la nyuma ya kiwanda, hapo nikashindwa, uniwie radhi.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyotaka. Lakini daraja, skafu na punda siwezi kuvibadilisha, kwa hiyo ujue kwamba kuanzia gazeti hili litakapofika Mazingara muda si wako tena. Maandazi ya huko nayo hufungwa kwenye magazeti, na mkeo kusoma anajua.

Tuanze na ujinga ili tuumalize. Watu wa Dindira waache na uhai wao, hawakukukosea kitu. Flashi usiiguse, kwani Yusra ana filamu hiyo hiyo kwenye simu, ndiko wewe mwenyewe ulikoitazama. Na umeme ukikatika, wanawake wanaosubiri stelingi watatafuta jenereta kabla hujamaliza kushukuru. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa kujificha ghalani na simu ya binti yake! Ungejiona.

Halafu huo wivu. Unamwonea wivu nani, ndugu yangu? Yule kijana wa watu alizungumzia mafua na gari. Kila neno linalokuchoma humo ndani umelisema wewe, kwa kinywa chako, na kipaza sauti ulikishika mwenyewe. Umegombana miaka ishirini na tano na kivuli chako kwa sababu tu kimevaa skafu.

Kwa kazi yako ya bandani sikulaumu sana. Mimi nimekulia kambi ya mkonge, hapo hapo Korogwe, na ukutani kwangu nilikuwa na kalenda ambayo mwaka wake uliisha nikakataa kuitoa kwa miaka saba, kwa ajili ya stelingi mmoja mwenye masharubu. Marehemu mume wangu aliizoea. Sikuelewa hata neno moja alilosema yule mtu kwenye filamu zake, na labda ndiyo maana hakuwahi kuniudhi. Watu hushangaa kwa nini hizi filamu za zamani hazichuji, kwa nini Yusra na wenzake, wenye kila filamu mpya kiganjani, bado wanazililia. Mimi nadhani zilituachia nafasi. Yule kijana alisimama pale kwenye mvua na macho yake mazuri, na kila mwanamke bandani akamsikia akisema kile ambacho nyumbani kwake hakisemwi. Wewe ulikisema kwa sauti, basi. Na mtu akikisikia, kesho anarudi na kiingilio kingine.

Lakini kosa lako lipo na sitalifunika kwa kanga. Kosa si yale maneno. Kosa ni kwamba uliyaona yanasifiwa, yanafundishwa kwa mabinti wa watu, mkeo anabishiwa na dada yake kwa ajili yako, na wewe unakunywa chai. Dada mtu kamwita mkeo mtunzi miaka yote hiyo, na mtunzi umekaa pembeni, kimya! Hapo nimekasirika kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia chini ya turubai la kicheni pati.

Sasa sikiliza utakachofanya. Leo, kabla hujaenda kuchota maji, mwite Mwaija mkae wawili tu, uwaondoe watoto, na umwambie yote tangu tundu la pazia. Usizunguke, usianze na "unajua enzi zile". Usimsingizie mwenye banda. Usiombe msamaha kwa maneno yenyewe, maana ni mazuri, uombe msamaha kwa kimya chako. Akikasirika, unajua pa kukaa. Ulijipangia mwenyewe, mlangoni, bila kusema kitu, mpaka apoe. Usipeleke kiti.

Akishapoa, mwombe ruhusa ya jambo moja. Kicheni pati ni ya wanawake na wewe huna nafasi kule, najua mila. Lakini pazia la kanga halijawahi kumkosea mwanamke yeyote heshima. Lifungeni kando ya runinga, wewe ukae nyuma yake kama zamani, na stelingi akifika darajani Yusra apunguze sauti, Ikram asome mafua yake pale chini kwa raha zake, na wewe useme. Useme kwa jina la mkeo safari hii, si "Bibie". Wale wanawake aliowafunda hawatamwona mwongo. Watajua kwamba mfano aliokuwa akiwapa haukutoka India, upo Mazingara na una baiskeli. Yusra naye ataingia kwenye ndoa yake akijua baba yake ni mtu wa namna gani, kuliko kukujua kama mzee anayenung'unikia picha ya kalenda.

Unaogopa kwamba ndoa yako imesimama juu ya uongo. Ndugu yangu, ingesimama juu ya uongo kama maji ungekuwa huyachoti. Uliahidi ukiwa mafichoni, ukatimiza mchana kweupe mbele ya wanaume wanaokucheka. Wapo wengi walioahidi mbele ya mashahidi na hawajui hata ndoo inawekwa wapi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nimelisoma kwenye barua yako mara mbili kuhakikisha. Umeandika kwamba Mwaija alipoiona flashi alikutazama, akacheka, akakuongezea chai. Hukujiuliza anacheka nini. Huyu ni mtoto wa Magoma, ambako maji yanapita mashambani. Neno lambo, hilo bwawa lenu la kuchimba la wakati wa ukame, na habari za kuamka na punda kufuata maji alizikuta kwenu Handeni, kwa mume aliyekuwa ameshaziweka kinywani mwa Mhindi kabla hata hajamposa. Mimi simjui mkeo, na sitaapa. Lakini mwanamke anayefunda wenzake si mtu wa kupitwa na jambo kama hilo kwa miaka ishirini na tano.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuungama, muulize swali moja tu, halafu umtazame usoni: mvua yote ile pale darajani, stelingi alikuwa anataka maji ya lambo ya nini?