Arusi ya Kigombe na Jicho la Kushoto

Jumatatu, 18 Agosti 1986

Nimeshinda na fidla. Nyuzi mpya, za dukani, zimetoka Mombasa. Ile miaka ya shida nilifunga waya uliochambuliwa kwenye breki ya baiskeli, upinde nikautia nyuzi za mkonge, na watu walicheza vilevile. Sasa maduka ya Makorora yamejaa, kila nyumba ina redio kaseti inabweka mchana kutwa, na bado naitwa mimi.

Jumamosi ya wiki ijayo, Kigombe. Mjukuu wa Bibi Mwanaisha anaolewa, anaonyeshwa kwa wageni. Siku ya wanawake peke yao. Mwanamume haingii, hata baba wa bibi arusi. Naingia mimi tu, kwa kuwa sioni. Wanavua mabuibui, wanacheza wapendavyo, hakuna wa kuwakodolea. Kaseti haijui bibi arusi anainuka lini. Mimi najua. Pwani yote hii hakuna anayenifikia, na sioni haya kusema.

Jumatano, 20 Agosti

Dada yangu Tatu kanikokota hospitali. Eti amekuja daktari wa macho. Nimekwenda ili anyamaze.

Daktari akanimulika tochi. Jicho la kulia, basi tena. La kushoto nikaona wekundu, nami mjinga nikasema. Kumbe ni mtoto wa jicho. Akiutoa, huenda nikaona. Huenda. Kanipa nafasi Jumanne, tarehe mbili.

Tatu alilia palepale mbele za watu. Mimi sikulia. Nilipofuka nikiwa mtoto, leo nina hamsini. Nikipata jicho, Kigombe ndiyo basi, sitaingia tena kwa wanawake. Na kazi yangu yote iko mle. Nimemwambia daktari nitafikiri. Uongo. Sitaki.

Ijumaa, 22 Agosti

Tatu ana mdomo, toba! Bombani kwenye foleni ya maji amewaambia watu kaka yake anaona. Si kwamba ataona. Anaona!

Leo msikitini mtu kapitisha mkono mbele ya uso wangu kunijaribu. Nikausikia upepo wake. Nikaudaka, nikauminya mpaka akapiga yowe. Sasa wanaamini kabisa. Nimejiharibia mwenyewe kwa hasira zangu.

Jumatatu, 25 Agosti

Kumetumwa mtu kutoka Kigombe. Wanawake hawanitaki. Bibi Mwanaisha kawasihi, wakakubali nusu: nije, lakini nipige nyuma ya pazia.

Pazia! Mimi! Nimekaa katikati yao tangu mama zao wakiwa wari. Wameniambia mambo ambayo waume zao hawayajui, na sijamtolea mtu hata neno. Nimeudhika. Tatu ananiomba radhi tangu asubuhi, simjibu.

Nitakwenda. Nisipokwenda wataweka kaseti, na wakishaizoea sitaitwa tena.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimerudi sasa hivi. Natoboa kwa haraka, nukta zangu hizi za vipofu zinakwenda upande.

Walitundika mablanketi mawili mazito. Nikakalishwa kwenye pembe kama gunia la mkaa. Sikuisikia miguu yao kwenye mkeka. Hata harufu ya asumini haikunifikia. Nao hawakuvua mabuibui, wananong'ona tu. Nikapiga. Hakuna aliyecheza.

Kisha nikakosea. Bibi arusi alikwishasimama, mimi bado napiga wimbo wa kuketi. Wimbo wake wa kuinukia ni wangu, ndio ulionifanya niitwe Kigombe miaka yote hii, nami nikamwacha amesimama peke yake. Nilitaka ardhi inimeze. Msichana mmoja akasema wekeni kaseti. Nikasikia kitufe kinabofywa.

Kaseti haikumngoja. Bibi arusi mwenyewe mwoga, anajivuta hatua moja, wimbo uko mbele huko. Akakanyaga upindo wa nguo, akaanza kulia. Nikasikia bakora inagongwa sakafuni. Bibi Mwanaisha.

“Zimeni hilo dude. Teremsheni mablanketi.”

“Bibi, na kama kweli anaona?”

“Na aone! Wanangu wote nimewaoza kwa fidla yake. Akiuona uzee wangu huu, shauri yake.”

Walicheka. Wallahi walicheka, hata bibi arusi kwa mafua yake ya kilio. Mablanketi yakaanguka, na asumini ikanijia usoni. Nikasogezwa katikati ya mkeka. Nikausikiliza mguu wa yule mtoto. Akisita, nasita. Akivuta pumzi, namngoja. Akipiga hatua, nampa. Alikwenda ukumbi mzima bila kujikwaa. Buibui la kwanza likavuliwa, la pili, halafu sikuweza kuhesabu kwa vigelegele. Nimepiga huku machozi yananitoka, na sikujificha.

Jumapili, 31 Agosti

Nimemwambia Tatu anipeleke hospitali Jumanne. Nimemwambia pia asimwambie mtu.

Atasema. Basi, na aseme.

Alhamisi, 4 Septemba

Wodini. Naandika kibao changu cha nukta kiko tumboni. Jicho limefungwa bandeji, linawasha. Fidla iko chini ya kitanda. Muuguzi, mama wa Kishambaa mwenye sauti nzuri, kanikataza kupiga, eti nisitikise kichwa. Nimemwahidi. Ni mara ya kwanza tangu utoto kukaa siku mbili bila kupiga.

Kesho asubuhi wanafungua. Naogopa. Sijui nitauona uso wa Tatu au nitaona wekundu uleule.

Tatu alikuja jioni na ndizi za nazi. Kaleta salamu za Kigombe. Mjukuu mwingine wa Bibi Mwanaisha amechumbiwa, niseme lini nina nafasi. Nikamuuliza Tatu, Bibi kasema nini tena. Akasema hakuna. Nikamuuliza mara ya pili, awaze vizuri.

Habari ya jicho, akasema, Bibi hakuuliza kabisa.