Bomba la Upande wa Mama Fatu

Jumatatu, 10 Januari 1955

Nina miaka sabini, au imeshapita. Vita vya Maji Maji nimeviacha nyuma. Vita vya Mjerumani na Mwingereza pia, nilibeba mizigo mpaka mabega yakaota sugu. Ndui. Njaa. Wake wawili. Matrekta ya Wazungu wa karanga, yaliyokuja Nachingwea kwa kishindo yakaondoka kimya. Yote yamepita, mimi nipo. Nilikuwa nyapara wao, nikafundishwa kuandika siku na kazi iliyofanyika. Kazi imekwisha, tabia imebaki.

Leo nimefagia uwanja. Nimekwenda kwenye pipa kuchota maji ya udhu, nimekuta halijafika nusu. Na mvua ya alfajiri ilikuwa kubwa. Ajabu.

Nyumba yangu ndiyo ya kwanza kuezekwa bati hapa Mtua. Mfereji wa kukinga maji nimeukunja kwa mikono yangu. Bomba la kuyashusha nililipata kwa Wazungu wale wale. Asiyejua aulize.

Jumanne, 11 Januari

Mvua tena. Maji hayashuki bombani. Yanafurika juu ya mfereji na kupiga ukuta wa chumba cha mama Fatu. Ukuta wa matofali mabichi. Mke wangu huyu hatembei tangu avunjike nyonga mwaka juzi, na kitanda chake kimegusa ukuta huo huo.

Kosa ni la mkorosho wa jirani, Issa Nandonde. Matawi yake yanamwaga majani juu ya bati langu. Nimemwambia aukate. Kasema mkorosho ulikuwepo kabla ya bati. Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 13 Januari

Nimepanda ngazi mwenyewe. Vijana wa siku hizi wasingeweza.

Nimetoa majani, kiota, na vipande vya makopa. Nikamgombeza binti yangu Fatu, aliyerudi nyumbani kumuuguza mama yake, kwa kuanika muhogo juu ya paa. Kasema mimi ndiye niliyemwagiza, kuku wasiufikie. Kweli. Lakini mtoto hamkumbushi baba yake hivyo.

Nikamwaga debe la maji kwenye mfereji. Yamekimbia vizuri mpaka mdomo wa bomba, yakasimama. Kwa hiyo mfereji wangu hauna kosa. Kosa limo ndani ya bomba.

Ijumaa, 14 Januari

Nimeligonga bomba kwa fimbo, kutoka juu kushuka. Juu sauti ni nzito, kama kugonga gunia. Chini ya kiwiko, pale bomba linapokunja, inalia wazi. Ugonjwa uko kwenye kiwiko. Nikacheka kwa werevu wangu.

Halafu nikakumbuka kilichomo.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 15 Januari

Naandika kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Ruangwa kwa mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani. Akamwandikia mama Fatu aya kwenye karatasi. Dawa ni kombe: maandishi yanaoshwa kwa maji, mgonjwa anayanywa. Siku saba, basi. Mimi nikaona siku saba chache. Nikaikunja karatasi, nikaifunga kwa kitambaa cha marekani, nikaipaka nta isioze, nikaibana kwenye kiwiko cha bomba. Maji yote ya paa yapite juu ya maneno yale, mama Fatu anywe kombe mwaka mzima. Hata mwalimu hakulifikiria hilo. Sikusema. Nilitaka kwanza ainuke, ndipo nijisifu.

Hajainuka. Na majani yote yamenasa hapo.

Nikiitoa, akizidiwa, nimemuua mimi. Na kuichokoa aya kwa mti kama panya ni dhambi. Nisipoitoa, ukuta. Sijui la kufanya. Nachukia kutojua.

Jumapili, 16 Januari

Mvua tangu adhuhuri. Nimebonyeza ukuta kwa nje, kidole kimezama mpaka kwenye kifundo. Fatu anataka mama yake ahamie chumba changu. Nimekataa. Nimesema kuta zangu hazianguki. Akihama, watu watasema nyumba ya bati imenishinda.

Issa kaja na mwanzi mrefu, anataka kuzibua. Nimesimama mbele ya bomba. Nimesema lisiguswe.

Akaniuliza, "Mzee Mnali, unalinda bomba au unamlinda mkeo?"

Nimemwambia akaulinde mkorosho wake. Mama Fatu alikuwa kitandani chini ya dirisha, amesikia. Kalivuta dirisha, akalifunga.

Naogopa. Basi, limeandikwa.

Jumatatu, 17 Januari

Nimekwenda shamba kupalilia, kukimbia macho ya nyumbani. Alasiri nikasikia kishindo, nikadhani radi. Nimerudi mbio, miguu hii.

Ukuta umelala chini. Chumba kiko wazi, mvua inaingia. Mahali pa kitanda pana rundo la tope.

Nimefukua kwa mikono. Nimeita jina lake, lile la usichana, ambalo sijaliita miaka mingi. Issa akanikuta humo. Kaniambia yuko kwake, mzima. Mama Fatu mwenyewe aliwaita, Issa na mkewe na Fatu, mara tu nilipotoka. Wamembeba na kitanda chake.

Nimekaa kwenye tope. Sina la kujisifia leo.

Jumanne, 18 Januari

Nimekwenda kwa Issa, nimemweleza mama Fatu yote mbele ya watu. Karatasi, nta, kiwiko. Alikuwa anakunywa uji. Akaweka bakuli chini.

"Baba Fatu, tangu mvua zianze maji yale yalikuwa na ladha ya bati tu. Ungeniambia, ningekunywa siku zangu saba nikamaliza."

Akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Kisha akasema, "Nenda kaitoe."

Nimetawadha. Nimelifungua bomba kwenye kiwiko, Issa kashika ngazi, hakunitania. Kwanza tope, halafu majani, halafu bunda langu, nimelipokea kwa mkono wa kulia. Fatu kalifungua.

Karatasi kavu. Wino haujatoka hata herufi moja. Nta niliipaka vizuri mno. Mke wangu hajanywa hata neno.

Tumerudisha bomba, nikamwaga debe. Maji yameshuka moja kwa moja, pipa likalia.

Jumamosi, 22 Januari

Mvua ndogo. Maji yanashuka. Mdomo wa bomba nimeuwekea wavu wa waya, nitakuwa naufagia kila Ijumaa. Tunafyatua matofali chini ya kibanda. Issa kakata tawi moja, mimi sikumwomba.

Karatasi imeoshwa kwenye sahani nyeupe kama mwalimu alivyoagiza. Mama Fatu ameanza juzi. Mguu ni ule ule. Anasema analala vizuri. Mimi nalala barazani kwa Issa, karibu na mlango wa mama Fatu.

Haya ni kweli. Ukuta ulivyoanguka, Issa Nandonde aliona. Karatasi ilivyotoka kavu, Fatu aliishika. Na aliyeliziba bomba ni nani, hilo aulizwe mama Fatu. Amesema atajibu hata nikiwa nimekaa hapo.