Magogo ya Minziro

Jumatatu, 9 Machi 1953

Kutwa tumepakia melini magogo ya msitu wa Minziro. Yamemenywa magome, mvua imeyalowesha, yanateleza kama kambare. Ngamani, tumboni mwa meli, kumejaa kahawa, kwa hiyo magogo yote yako juu kwenye sitaha — na upande wa kushoto yamezidi. Kabari za kuyazuia yasibingirike zilikwisha kabla hatujamaliza.

Burhani, serahangi wetu, mkuu wa mabaharia, alimwambia nahodha kwamba magogo hayajalala, yamekaa tu. Nahodha akajibu kabari zitapatikana Kemondo, huko tutakaza na kamba.

Jioni nyumbani, mke wangu Ephrasia aliniuliza mbona sili ndizi alizopika. Nilimwambia ebitoke ni vya moto mno. Vilikuwa vimepoa zamani.

Jumanne, 10 Machi

Kemondo hatukukaza chochote. Mvua kubwa. Tulichukua abiria, wengi wao kina mama, na magunia mengine ya kahawa. Kisha tukang'oa nanga. Kabari hakuna. Burhani alinitazama tu.

Ziwa limechafuka. Meli ikilala upande, kamba zinalia. Nazijua kamba. Mlio huu siujui.

Naogopa. Nimeomba rozari, nikapotea katikati, nikaanza upya.

Jumatano, 11 Machi

Kumepambazuka vibaya. Wimbi lilitupiga ubavuni, rundo lote la magogo likasogea. Meli ikainama kushoto — na haikurudi. Burhani akakimbilia kule na mnyororo kuyazuia. Gogo la chini likambana mguu kwenye ukingo wa meli. Yeye hakupiga kelele. Nilichosikia ni mfupa.

Nahodha ametuingiza nyuma ya kisiwa cha Bumbire, penye maji tulivu, tumetia nanga. Wavuvi wanawachukua abiria kwa mitumbwi, wachache wachache. Mama mmoja wa Muleba, Georgina, amekataa kushuka. Amemfunga Burhani mguu kwa kanga yake, anamnywesha chai.

Tumejaribu kuliinua gogo kwa winchi. Mnyororo unateleza. Mara ya mwisho lilishuka zaidi, tukaacha.

Nahodha akaniita kando. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akasema upepo ukigeuka, meli itazidi kuinama. Hapo nikate kamba, magogo yaporomokee ziwani.

"Na Burhani?"

"Abiria bado wamo, Protase."

Akanipa shoka. Hakunitazama.

Sasa nimekaa hapa kwa Burhani. Naandika huku nikiusikiliza upepo. Shoka nililificha nyuma yangu, lakini ameliona. Ni baharia wa miaka mingi, hahitaji kuelezwa.

Ameniuliza nitaanza na kamba ipi.

Nimemwambia hakuna kamba itakayokatwa, winchi inatengenezwa. Amesubiri nimalize. Kisha akasema, taratibu, kama anavyotufundisha kila siku: "Anza na ya mbele. Ukianza na ya nyuma, gogo la juu litakupiga wewe. Una watoto."

Yeye pia ana watoto. Mastura, mkubwa wao, anaolewa baada ya Ramadhani.

Mitumbwi iko kule ufukweni, inashusha watu. Bado wamo wengi huku melini. Upepo umegeuka, sasa unatoka upande wa ziwa, naupata usoni.

Georgina ameweka kikombe cha chai sakafuni, karibu na goti langu. Kimeanza kuteleza chenyewe kuelekea kushoto —